Mimea myekundu kwenye tangi la samaki: mwongozo kwa joto la Dar

Ninaloulizwa sana ni hili: "Niweke mbolea gani mimea iwe myekundu?" Kwa hapa Dar es Salaam mbolea inakuja mwisho kabisa. Kinachonyima wekundu kwenye matangi yetu ni maji ya moto, na maji ya moto hayashiki vizuri gesi ya kaboni dayoksaidi ambayo mimea inaihitaji. Ukishughulikia hayo mawili, kazi nyingi umeshaimaliza.

Hatua ya 1: Chagua mmea unaoendana na hali yako

Anza na *Ludwigia repens*. Haina makuu, hata bila gesi hutoa rangi ya shaba upande wa chini wa jani. Ikishika, ongeza *Rotala rotundifolia*, hasa ile aina ya H'Ra, inayotoka machungwa hadi nyekundu. *Alternanthera reineckii* inakua taratibu lakini rangi yake ni damu ya mzee hasa. *Rotala macrandra* iache kwanza. Inadeka, inataka maji laini (yenye madini machache), na joto la Februari hailipendi hata kidogo.

Mimea mingi ya dukani imeoteshwa nje ya maji, ndiyo maana inafika na majani ya kijani. Hayo yatapukutika wiki mbili tatu za kwanza. Usiing'oe. Tazama ncha: majani mapya yanayozaliwa majini ndiyo yatakayokupa rangi.

Hatua ya 2: Maji na mchanga

Maji ya bomba ya DAWASA, ambayo kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, yanafaa ukishaondoa klorini: yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha huku pampu ya hewa ikipuliza, au tumia dawa ya kuondoa klorini. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi. Kama huna maji mengine, changanya na ya mvua. Masika yakianza, acha mvua ya kwanza isafishe bati, kisha kinga madumu kadhaa na uyafunike.

Mchanga wa bahari usiuguse, wala mawe ya matumbawe, hata kama yanapendeza. Vina chokaa, na chokaa hupandisha ugumu wa maji kila siku. Huo wa mtoni nao upime: chukua kijiko kimoja, ukamulie ndimu. Ukitoa povu, mpe fundi akajengee.

Hatua ya 3: Shusha joto

Lenga nyuzi 24 hadi 27. Tangi lililokaa sebuleni bila kiyoyozi mwezi wa kwanza linaweza kufika 30 na zaidi. Hapo mmea unachoma chakula chake haraka kuliko unavyokitengeneza, na shina linarefuka huku majani yakipauka.

Huhitaji mashine ya kupoza. Toa mfuniko, funga feni ndogo za kompyuta za volti 12 ukingoni, zipulize juu ya uso wa maji kwa mshazari. Maji yanayogeuka mvuke yanaondoka na joto, na unaweza kupata nafuu ya nyuzi mbili au tatu. Siku zenye unyevunyevu mwingi, nafuu inapungua.

Angalia jambo moja: kinachopaa ni maji matupu, madini yanabaki. Ukijazia kwa maji ya bomba kila siku, baada ya miezi michache maji ya tangi yanakuwa magumu bila wewe kujua. Jazia kwa maji ya mvua. Ukiwa na samaki warukaji, tandaza neti juu.

Hatua ya 4: Taa

Taa ya LED ya kelvini 6500 (mwanga mweupe kama wa mchana) inatosha. Kadiria lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 30 hadi 50 kwa kila lita. Tangi la lita 60 linataka kama 1,800 hadi 3,000. Rangi nyekundu ya Rotala na Ludwigia inaitwa anthosiyanini, na kazi yake mojawapo ni kulikinga jani dhidi ya mwanga mkali. Mwanga ukiwa hafifu, mmea hauna sababu ya kuitengeneza.

Washa saa saba tu kwa siku. Mimi napendelea saa 10 jioni hadi saa 5 usiku: jua limepungua makali, na uko nyumbani kutazama. Nunua taima yenye betri, maana ile ya kuzungusha inasimama umeme ukikatika, na baada ya wiki taa inawaka alfajiri. Tangi lisikae mkabala na dirisha, mwani utakumaliza.

Halafu usidanganyike na picha za mtandaoni. Nyingi ni wekundu wa taa. Ukitaka ukweli, chomoa shina moja ulitazame mchana, nje.

Hatua ya 5: Gesi

Maji ya nyuzi 30 hubeba kaboni dayoksaidi pungufu kwa karibu robo kuliko ya nyuzi 20. Kwa hiyo sisi tunahitaji umakini zaidi kuliko wenzetu wa nchi za baridi.

Mtungi wa gesi hiyo wenye regulata (kidhibiti presha) na vali ya umeme ndio bora. Kama mfuko haujaruhusu, chukua chupa ya soda ya lita moja na nusu, tia gramu 200 za sukari, lita moja ya maji ya uvuguvugu na robo kijiko cha chai cha hamira. Usizidishe hamira, kwa joto letu itachemka siku chache na kuisha. Toboa kizibo, pitisha mpira wa dripu wa duka la dawa, ziba kwa gundi. Kile kichupa cha dripu kinakuonyesha mapovu yanavyotoka. Gurudumu lake usilifunge kabisa, chupa itapasuka.

Lengo ni miligramu 30 kwa lita. Kipima gesi cha kuning'iniza ndani kikiwa buluu, gesi ni kidogo; kikiwa kijani, sawa; kikiwa njano, umezidisha. Samaki wakipanda juu wanahema, toa mpira mara moja na washa pampu ya hewa. Chupa ya hamira hailali, kwa hiyo taa ikizimwa au umeme ukikatika, toa mpira majini.

Hatua ya 6: Mbolea

Sasa ndiyo zamu ya chuma. Maduka ya pembejeo huuza chuma cha cheleti, yaani kilichofungwa kwa kemikali ili kibaki kwenye maji mmea ukinyonye. Kama maji yako ni magumu kidogo chagua kilichofungwa kwa DTPA badala ya EDTA, kinadumu zaidi. Miligramu 0.1 kwa lita, mara mbili au tatu kwa wiki.

Rotala huwa nyekundu zaidi naitreti (chakula chenye nitrojeni) ikiwa chini, miligramu 5 hadi 10 kwa lita. Ukishusha zaidi, ncha zinadumaa. Alternanthera usiinyime. Ni ndugu wa mchicha, familia moja kabisa, na wekundu wake unatokana na rangi nyingine, betalaini, kama wa bitiruti. Njaa haiiongezei rangi.

Hatua ya 7: Panda na ukate

Ondoa majani ya pingili mbili za chini, kisha panda shina mojamoja kwa kibano, sentimita mbili au tatu kutoka kwa jingine. Mashina yakisongamana, ya chini yanabaki uchi. Yakikaribia uso wa maji, kata ncha za sentimita 10 hadi 15, panda hizo, na ng'oa mashina ya zamani.

Mabaki usiyamwage mtaroni wala Mto Msimbazi. *Rotala rotundifolia* imeshakuwa magugu huko Florida, na sisi magugu maji ya Ziwa Victoria tunayajua. Yaanike juani mpaka yakauke kabisa, ndipo uyatupe.