Likizo ya familia Salou: mambo ya kupanga kabla hujalipa

Salou ni mji wa pwani ulio kilomita mia moja hivi kusini-magharibi mwa Barcelona, Hispania. Kwa wenye watoto wadogo una faida moja kubwa: ufuo wa Llevant na ule wa Ponent ni mchanga mtupu, na kina cha maji huongezeka polepole. Isitoshe, Mediterania haikupwi wala haijai kama bahari ya Mombasa au Tanga, kwa hiyo ukitandika mkeka asubuhi, jioni utaukuta palepale.

Anza na tarehe. Mwezi Mei maji bado ni ya baridi, nyuzi 17 au 18. Agosti hufika 25 hivi. Nyakati nzuri ni nusu ya pili ya Juni na mwanzo wa Septemba. Shida ni kwamba likizo ya shule za Kenya huangukia Agosti, na huo ndio mwezi ambao Wahispania wenyewe huteremkia pwani, bei zikawa juu kupita wakati wowote. Kama huna budi, shika chumba mapema, tangu Januari. Walio na likizo ya Juni wana nafuu. Wajue tu kwamba usiku wa tarehe 23 Juni ni wa sikukuu ya San Juan (Mtakatifu Yohana): fataki na mioto ufuoni hadi usiku wa manane, na mtoto mchanga hatalala.

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Hispania ikiwemo, hata kama ana kibali cha kuishi Uingereza. Ombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Aliye chini ya hapo halipiwi. Bima ya matibabu iwe ya euro 30,000 au zaidi. Familia nyingi hukwama kwenye karatasi za watoto: andaa cheti cha kuzaliwa cha kila mmoja, na mzazi anayesafiri peke yake nao awe na barua ya ridhaa ya mwenzake, iliyothibitishwa kisheria. Mpaka viza itoke, chukua chumba kinachoruhusu kughairi bila faini.

Sasa chumba. Vyumba vingi vya hoteli huko huchukua watu watatu au wanne basi. Mkiwa watano pamoja na bibi, msijibane: kodisheni fleti yenye jiko, au vyumba viwili vyenye mlango wa kupitana, na hoteli ikubali kwa maandishi. *Media pensión* ni kifungua kinywa na chakula cha jioni. *Pensión completa* huongeza cha mchana. Fungua ramani upime umbali hadi mchangani, maana hoteli inayojitangaza kuwa karibu na PortAventura, bustani kubwa ya michezo na bembea, huenda ikawa mbali na bahari. Mtaa wa Carles Buïgas una baa na kelele za usiku. Mapokezi watadai pia kodi ya utalii ya jimbo la Catalonia, kwa kila mtu kwa kila usiku, isiyozidi usiku 7. Wa miaka 16 na chini hawalipi.

Ukitua Barcelona, basi la moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege ndilo rahisi kwa wenye masanduku. Treni ipo pia kutoka Barcelona Sants, ila kituo cha Salou kiko upande wa PortAventura, si ufuoni, na teksi itahitajika. Usikate kwa bahati mbaya tiketi ya treni ya kasi ya Camp de Tarragona: kituo hicho kiko bara.

PortAventura itengee siku nzima, katikati ya wiki, na tiketi ununue mtandaoni kabla. Wapime watoto nyumbani: treni za michezo za kasi Dragon Khan na Shambhala hazimpandishi aliye chini ya mita 1.40, na kilio cha kwenye foleni hakina dawa. Bustani ya maji ina tiketi yake.

Kila siku, nendeni baharini asubuhi, mrudi kivulini saa sita hadi saa kumi. Pakeni krimu ya jua upya kila baada ya saa mbili. Ngozi nyeusi nayo huungua. Bendera nyekundu maana yake hakuna kuogelea. Mtoto akichomwa na konyeza, osha kwa maji ya bahari, si ya bomba, wala usisugue kwa mchanga.

Mikahawa hupakua chakula cha mchana kuanzia saa saba na nusu, cha jioni saa mbili na nusu au tatu usiku, kwa hiyo beba vitafunio. *Menú del día* ya mchana, yaani mlo kamili wa bei moja, ndiyo shibe ya bei nafuu. Asiyekula nguruwe ajifunze maneno *cerdo* (nguruwe), *jamón* (paja la nguruwe) na *chorizo* (soseji ya nguruwe), na aulize hata kwenye supu na maharage, maana vipande vya nyama hiyo hutiwa humo kama kiungo. Kwa nyama ya kupika wenyewe, tafuteni *carnicería halal*, yaani bucha la halali. Wamorocco ni wengi eneo hilo, hasa miji jirani ya Reus na Tarragona.