Toka wapi mpaka wapi? Jinsi ya kueleza ukubwa wa eneo mpaka mtu alione

Mwaka juzi nilikuwa kwenye mkutano wa kijiji, mambo ya mpango wa matumizi bora ya ardhi, na kazi yangu ilikuwa ndogo tu, kusoma karatasi kwa sauti watu wasikie. Nikafika pale panaposema eneo la malisho litakuwa hekta 340. Kimya. Nikaona niwasaidie, nikasema yaani ni kama viwanja vya mpira 476. Hapo ndo wakacheka. Mzee mmoja aliyekaa mbele akainua fimbo yake akasema, "Mwanangu, mimi kiwanja cha mpira nakijua kimoja tu, cha shule, na chenyewe kina mteremko. We niambie hiyo hekta yako ni toka wapi mpaka wapi."

Toka wapi mpaka wapi. Tangu siku ile nikiandika ukubwa wa eneo lolote najiuliza kama yule mzee, na nikikosa jibu najua bado sijamaliza kazi. Sasa kama na wewe unaandika habari, unafundisha, au unasoma ripoti za watu afu unatakiwa uwaeleze wengine, hivi ndo mimi nafanya.

Kwanza hakikisha unajua namba yenyewe ni ya nini, maana hapa wengi tunapotea mapema. Huku kwetu mtu akisema "heka" mara nyingi anamaanisha eka, sio hekta, na hekta moja ni karibu eka mbili na nusu, kwa hiyo ukichanganya hizo mbili shamba la mtu linakua au linasinyaa bila mvua wala jua. Afu kuna ile ya eka ni 70 kwa 70. Wazee walikuwa wanahesabu hatua, na hatua 70 za mtu wa kawaida zinakaribia eka kweli. Wajanja wakaja wakabadilisha hatua zikawa mita, na mita 70 kwa 70 ni mita za mraba 4,900 wakati eka ni 4,047 tu, yaani mraba wa kama mita 64 kila upande. Tofauti hiyo sio ya kuchekea, ni viwanja viwili vya nyumba vya mita 20 kwa 20 na kidogo juu.

Kosa lingine liko kwenye lugha yenyewe. Ukisema "kilometa za mraba 50" nusu ya watu wanaona kilometa 50 huku na 50 huku. Hapana jamani, 50 kwa 50 ni kilometa za mraba 2,500. Kilometa za mraba 50 ni kama 7 kwa 7. Nimeshaona habari imeandikwa "eneo la kilometa 50 za mraba" afu mchoraji wao akachora ramani ya 50 kwa 50, eneo likavimba mara hamsini na hakuna aliyestuka.

Kwa hiyo hatua yangu ya kwanza kabisa ni kuligeuza eneo liwe mraba. Kama ni hekta, toa sifuri mbili (gawa kwa 100) upate kilometa za mraba, afu chukua simu, fungua kalkuleta, kwenye simu nyingi ukiilaza inakuletea alama ya kipeuo cha pili (√), bonyeza. Hekta 340 ni kilometa za mraba 3.4, kipeuo chake ni 1.84, basi ni kama kilometa moja na robo tatu hivi kila upande, ikizidi kidogo. Hapo tayari una kitu cha kutembea. Mtu anatembea kilometa 5 kwa saa asipokimbizwa, kuzunguka eneo lote ni kilometa saba na ushee, ni saa moja na nusu kwa mguu. Ona sasa, hilo mzee analielewa.

Ukiifanyia hivyo Serengeti, ambayo hifadhi yake ni kilometa za mraba 14,763, unapata kama 121 kwa 121. Yaani unatoka Dar, unaipita Chalinze, na upana nao ni vilevile. Mtu aliyewahi kukaa kwenye basi kwenye foleni ya Kibaha hilo analijua kwa mgongo wake.

Baada ya mraba ndo unatafuta kitu cha kufananisha, na hapa sheria yangu ni moja tu, kipimo kitoke kwa msikilizaji, kisitoke kwako. Na kisizidi mara kumi. Kichwa cha binadamu kinabeba "mara tatu", "mara tano", hata "nusu yake", lakini 476 za kitu chochote ni kelele tu. Kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68 ni karibu robo tatu ya hekta, kwa hiyo kinafaa sana kwa maeneo madogo, soko, stendi, shamba la eka 10 (hapo ni viwanja sita hivi na unavipata kichwani). Ukishavuka viwanja kumi na kitu kitupe, tafuta kingine.

Mimi kwa watu wa Dar natumia Dar yenyewe. Mkoa ni kilometa za mraba 1,393 na hiyo namba naikariri kama namba ya simu yangu. Mfano shamba la miti la Sao Hill kule Mufindi, ukiambiwa hekta 135,903 utasema sawa, kubwa, unaendelea na chai. Toa sifuri mbili, ni kilometa za mraba 1,359. Hiyo ni Dar es Salaam nzima jamani, karibu yote, shamba moja! Au lile eneo la Loliondo kule Ngorongoro, ambalo serikali ililiwekea mipaka ya uhifadhi mwaka 2022 na wafugaji wakapinga, kwenye habari zote lilikuwa kilometa za mraba 1,500 na watu wa mjini wakabishana wiki nzima, wengine wakidhani ni kipori fulani tu. Ni mkoa wa Dar na chenji inabaki. Uwe upande wowote kwenye ule ubishi, angalau ubishane ukijua ukubwa wa kitu.

Ila ukisema Dar kuwa makini, maana Dar ya kichwani mwa watu inaanzia Posta inaishia Ubungo, wakijitahidi sana Mbagala. Sema mwisho wake: toka Bunju mpaka Pemba Mnazi kule Kigamboni, ingia ndani mpaka Chanika. Usipotaja hizo kona, msikilizaji anakata Dar yake kwa mkasi wake mwenyewe na kipimo chako kinakuwa kimekufa.

Kwa Wazanzibari nawapa Unguja, ambayo imeizidi Dar kidogo, ni kilometa za mraba elfu moja na mia sita na kitu, kwa hiyo Serengeti ni kama Unguja tisa. Mtu wa Mwanza mpe Ukerewe, kama 530. Wa Nairobi jiji lake ni 696, wa Kigali ni 730 na wa Kampala ni 189 tu, hapo inabidi uongeze namba au umtafutie kitu kikubwa zaidi. Na ukiandika kwa Wakenya kuhusu ploti kumbuka wao wanaongea fifti kwa handredi, futi hizo, sio mita 20 kwa 20 zetu.

Kinachoniudhi ni habari zinazotafsiriwa mzimamzima, unakuta gazeti la Kiswahili limeandika "msitu wenye ukubwa wa Wales". Wales! Waingereza wana haki yao, ni kwao, wanaitumia kila siku, na Wajerumani nao wana Saarland yao, kijimbo chao kidogo, lakini mimi wa Iringa Wales inanisaidia nini? Na kinachouma zaidi ni kwamba jibu lipo pale pale nyumbani, Wales ni kilometa za mraba 20,779 na Hifadhi ya Ruaha ni kama 20,000, unaiona Ruaha kwa dirisha halafu wanakwambia Wales. Hata hivyo kama una ndugu Cardiff, huko huko Wales, sasa unajua namna ya kumweleza Ruaha.

Kwa maeneo makubwa sana ya nchi na nchi, Afrika Mashariki imejaa vipimo vizuri ambavyo hatuvitumii. Uganda na Uingereza (Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zikiwemo) zinalingana karibu kabisa, kama kilometa za mraba 241,000 kwa 243,000. Hifadhi ya Nyerere, 30,893, imeizidi Rwanda nzima. Ninayoipenda kuliko zote ni ya Ziwa Victoria, najua ni maji lakini acha niseme: ziwa ni kama 68,800, Rwanda ni 26,338, Burundi ni 27,834. Ukizitumbukiza zote mbili nafasi inayobaki inatosha Serengeti karibu yote. Niliwahi kuisema hiyo kwenye kikao cha familia, shemeji yangu hakukubali mpaka alipopiga hesabu mwenyewe kwenye bahasha ya mchango.

Usiamini macho yako kwenye ramani ya ukutani. Zile za kawaida zinavuta nchi za kaskazini, Greenland inaonekana inakaribia Afrika nzima wakati Afrika inaizidi kama mara 14, na Kongo ya Kinshasa peke yake ni kubwa kuliko Greenland. Kama hesabu hupendi kuna tovuti inaitwa The True Size, unashika nchi unaiburuta unaiweka juu ya nyingine na inajirekebisha yenyewe. Kwa maeneo madogo fungua Google Maps kwenye kompyuta, bofya kulia, chagua kupima umbali, zungusha alama mpaka urudi ulipoanzia, inakupa eneo hapo hapo.

Na usiseme "kubwa mara mbili" kwa sababu upande umekuwa mara mbili. Shamba la mita 100 kwa 100 likiwa 200 kwa 200 limekuwa mara nne, sio mbili. Hili linawakamata hata watu wenye digrii.

Namba zenyewe zizungushe. "Serengeti ni mara 10.6 ya Dar" ni ya kwenye ripoti, kwa mdomo sema "Dar kumi na ushee". Acha ile namba kamili mara moja tu kwenye maandishi kwa anayetaka kukagua, baada ya hapo mfano ufanye kazi.

Kule kijijini tulirudi wiki iliyofuata. Safari hii sikutaja hekta kabisa mwanzoni. Nilikuwa nimeshapita na mjumbe mmoja wa pale, nikasema eneo linaanzia nyuma ya shule, linafuata barabara ya malori mpaka darajani, linakata juu kwenye ule mbuyu uliopigwa radi, linarudi na korongo mpaka shuleni, mtu akizunguka ni saa moja na nusu. Mzee wa fimbo akafumba macho, nikaona anatembea kichwani, kona ya kwanza, ya pili. Akafika kwenye mbuyu akafumbua.

"Sasa," akasema, "hapo kati ya mbuyu na korongo si ndo kuna shamba la shemeji yangu?"

Ikabidi ramani ifunguliwe upya.