Kabla hujanunua antivairasi, washa uliyonayo

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kwenye steshenari yangu hapa Morogoro na flashi mkononi, jasho linamtoka. Alama za kidato cha nne zote zimo humo, na kila folda imegeuka kuwa njia ya mkato (shortcut) yenye KB 2. "Dada, antivairasi unauza shilingi ngapi?" Nikamwambia, shikamoo mwalimu, hela yako iweke mfukoni kwanza.

Windows 10 na 11 zinakuja na antivairasi ya Microsoft Defender ndani yake, bure, na kwa kompyuta ya nyumbani inatosha. Bofya Start, andika Windows Security, utazame kama kuna alama ya kijani. Ukikuta nyekundu, mara nyingi kuna mtu aliizima. Fundi aliyekuwekea Windows ya wizi, kwa mfano: vile viprogramu vya kuifungua hutaka Defender izimwe kwanza. Yaani mlinzi anaambiwa akalale, halafu mgeni anaingia. Au laptopu ilikuja na antivairasi ya majaribio, muda wake umekwisha, nayo bado imekalia kiti. Iondoe kabisa, zima na uwashe mashine, Defender irudi kazini. Usiweke mbili zikilinda kwa pamoja. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na mashine ya RAM ya GB 4 ndiyo itakayoumia.

Kinachotuponza zaidi ni bando. Tunazuia masasisho ya Windows ili MB zisiishe, kisha tunasahau miezi sita. Kirusi cha WannaCry kilipozagaa Mei 2017 na kufunga mafaili ya watu duniani, Microsoft ilikuwa imeshatoa kiraka, yaani sasisho la kuziba tundu kilimopitia, tangu Machi. Mimi hununua bando la usiku mara moja kwa wiki, naacha mashine zipakue nikiwa nimelala. Wa Windows 10 wajue masasisho ya kawaida ya bure yaliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kama mashine yako inakubali 11, hamia.

Sasa flashi ya mwalimu. Usibofye ile njia ya mkato, hata kwa kujaribu: inaamsha kirusi kwanza, ndipo inakufungulia folda, kwa hiyo huoni tofauti yoyote. Bofya kulia kwenye flashi yenyewe, uikague kwa Defender. Kisha fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, uandike hivi, E ikiwa ndiyo herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zikajitokeza moja moja. Hazikuwa zimefutika, zilifichwa tu. Nikanakili alama pekee, nikaifomati flashi.

Pia washa mwonekano wa viishio vya mafaili, zile herufi za mwisho zinazoonyesha faili ni la aina gani; .exe ni programu. Bila hivyo, "Ankara.pdf.exe" utaiona "Ankara.pdf" na utaifungua kwa moyo mweupe.

Ya kulipia ninaipendekeza kwa ofisi yenye mashine kumi na mtu mmoja wa kuzisimamia. Lakini hata hiyo haitakuzuia kuandika nywila yako kwenye ukurasa wa kitapeli, wala haichukui nafasi ya nakala iliyo kwenye diski uliyoichomoa na kuifungia kabatini.

Mwalimu aliondoka na kurasa sita za alama. Nilimtoza za kuprinti tu, akanunua na flashi mpya.