Fremu Moja ya Kuipimia Programu Kabla Hujaiamini

Programu ya kuchanganua fremu, yaani mifupa ya jengo ya nguzo na boriti, haikatai data mbovu. Iwe Prokon, SAP2000 au Robot, itakuchorea momenti (nguvu za kupinda) za rangi nzuri hata kama umesahau nusu ya mzigo. Kwa hiyo, kabla ya kuingiza jengo lako, ipe fremu ambayo jibu lake linajulikana.

Chora nguzo mbili za mita 3 na boriti ya mita 6 juu yake, zote za saizi moja na malighafi moja. Chagua kN na m, zima uzito wa fremu yenyewe, kisha pakia boriti 20 kN kwa kila mita. Miguu ikiwa ya bawaba, yaani imeshikwa isihame lakini iko huru kuzunguka, kila nguzo ipeleke 60 kN chini, msukumo wa mlalo uwe 15 kN, na momenti ya kona iwe 45 kNm, sawa na ya katikati ya boriti. Sasa kaza miguu yote miwili, isizunguke tena: kona zinapanda hadi 48, katikati inashuka hadi 42, miguuni inatokea 24 kNm, na msukumo unakuwa 24 kN. Tofauti ndogo isikushtue, kwani programu nyingi huhesabu pia kufupika kwa boriti na athari ya nguvu za mkato.

Namba zikikataa, anza na jumla ya nguvu za wima za egemeo, yaani zinazofika miguuni. Isipofika 120 kN, kosa liko kwenye mzigo. Ikifika 120 lakini katikati ukaona 90 na kona sifuri, viungo vya kona umeviweka bawaba. Na hapo, kama miguu nayo ni ya bawaba, fremu haina kitu cha kuizuia isilale ubavu. Baadhi ya programu hukaa kimya kwa sababu mzigo wote ni wa wima. Isukume kwa 1 kN ya mlalo uone kama nodi (sehemu za maungio) za juu zinakimbia mita kadhaa.

Kuna kosa moja linalojificha vizuri zaidi. Moduli ya Young ya chuma, kipimo cha ugumu wa malighafi, ni 210 GPa, yaani 210,000,000 kN/m². Ukipunguza sufuri tatu, momenti za fremu hii hazitabadilika hata kidogo, kwa sababu zinategemea uwiano wa ugumu kati ya nguzo na boriti, siyo ugumu wenyewe. Kitakachoharibika ni mnepo, yaani kiasi boriti inavyoshuka, mara elfu moja. Kwa hiyo pima mnepo peke yake: boriti ya chuma ya mita 6 iliyoegemezwa tu kwenye ncha zake, I (kipimo cha jinsi umbo la boriti linavyopinga kupinda) ya 8,000 cm⁴, mzigo ule ule wa 20, inepe takriban mm 20.

Ukihamia kwenye jengo lenyewe, fungua umbo lililonepa kabla ya mchoro wa momenti, na ulikuze. Boriti inayoachana na nguzo yake ina nodi mbili mahali pa moja, mara nyingi kwa sababu mchoro ulioingizwa ulipishana milimita chache. Unganisha nodi hizo, kisha endesha upya.

Mzigo wa slabu uhesabu kwa mkono: unene wa mm 150 kwa 25 kN/m³ ni 3.75 kN/m², na boriti inayobeba upana wa mita 4 inapata 15 kN/m kabla ya sakafu na watu. Ingiza mizigo ikiwa mibichi, bila kuizidisha. Vizidishi vya usalama, 1.4 na 1.6 vya BS 8110 (kanuni ya zege ya Uingereza) au 1.35 na 1.5 vya Eurocode (kanuni za Ulaya), viache kwenye michanganyiko ya mizigo, la sivyo utazidisha mara mbili. Mnepo usomwe bila vizidishi.

Kuhusu miguu, msingi mdogo juu ya udongo mweusi unaovimba usiuite umekazwa. Weka bawaba.

Mwisho, jua programu yako inachora momenti upande gani. Wengine huchora upande unaovutwa, wengine kinyume. Roshani inayoning'inia, iliyoshikwa ukutani tu, huvutwa upande wake wa juu. Mchoro ukisomwa vibaya, fundi atapanga nondo kuu chini, na zege litapasuka ukutani siku mirunda inapoondolewa.