Kuhamia Melbourne na familia: hatua kwa hatua, na thamani ya barua ya mwenye nyumba wako wa Mbagala

Mdogo wangu na mkewe walitua Melbourne mwezi wa sita, wao na mtoto wa miaka mitatu, mabegi sita na koti moja la baridi wanalopokezana. Walikaa sebuleni kwangu wiki tano. Kila walichouliza nilishakiuliza mimi miaka saba iliyopita, nikapata majibu matatu kutoka kwa watu wawili. Nimeandika haya ili atakayefuata nimtumie tu, nikalale.

Mambo ya viza siyagusi. Kama umeshaipata unajua jasho lake. Kama bado, tafuta wakala aliyesajiliwa na serikali ya Australia, orodha yao iko wazi mtandaoni, wala usimtumie hela mtu wa kwenye kundi la WhatsApp. Naanzia pale barua ya viza ilipoingia kwenye imeili yako.

Hatua ya 1: Kabla hujauza kitanda

Chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Narudia, kadi ya kliniki. Hapa Victoria, jimbo lenye Melbourne, chekechea haimpokei mtoto mpaka chanjo zake zionekane kwenye rejista ya taifa, na daktari au nesi hawezi kuziingiza bila kuona tarehe. Shemeji aliiacha Tanga kwenye kabati la mama yake, ikabidi itumwe kwa ndege kwa gharama ya kitenge kizuri.

Chukua pia uthibitisho wa tarehe uliyopata leseni ya udereva kwa mara ya kwanza. Kadi mpya inaonyesha tarehe ya juzi tu, na hapa watu wanahesabu miaka.

Na chukua barua ya mwenye nyumba wako. Sababu utaiona kwenye hatua ya 4, na ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hiyo.

Hatua ya 2: Uwanja wa ndege

Kwenye kadi ya abiria, ukiona swali kuhusu chakula, mimea, mbegu, mbao au ngozi, weka alama ya ndiyo. Usijifanye mjanja. Ukitangaza, baya kubwa ni kunyang'anywa. Ukificha wakakikuta, ni faini, na viza yenyewe inaweza kuguswa. Dagaa, asali, korosho, kinyago, ngoma, vyote vitaje.

Shemeji alibeba ungo. Ofisa aliuinua kwenye mwanga, akaugeuza, akapitisha kidole polepole kwenye ukingo kutafuta vidudu, kisha akaurudisha kwa mikono miwili. Mbegu za mchicha zilizokuwa zimefungwa kwenye pindo la khanga hazikurudi.

Kutoka uwanjani hakuna treni. Panda basi la SkyBus mpaka stesheni ya Southern Cross, mjini.

Hatua ya 3: Siku tatu za kwanza

Laini ya simu: nunua ya kulipia kabla, usisaini mkataba wa miaka miwili. Angalia simu yenyewe pia. Mitandao ya hapa ilizima 3G mwaka 2024, na simu isiyoweza kupiga namba ya dharura, 000, kupitia 4G hufungiwa hata kama intaneti yake inakimbia. Simu ya mdogo wangu ilikufa hivyo, na alikuwa ameinunua wiki mbili kabla ya safari ili aje na kitu kipya.

Namba ya mlipa kodi, TFN, unaomba kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, ATO, ukishafika, bure, kwa pasipoti. Ukikutana na tovuti inayokutoza, umepotea njia. Namba huja kwa posta na inaweza kuchukua siku 28, kwa hiyo weka anwani ya mtu atakayekuwepo. Usipompa mwajiri namba hiyo atakukata asilimia 47, na huwezi kumlaumu.

Benki, bima ya afya ya serikali (Medicare) kama viza yako ni ya ukaazi wa kudumu, kadi ya myki ya usafiri. Haya yanajieleza. Kama Kiingereza cha mwenzako bado kinasuasua, uliza kuhusu AMEP, masomo ya bure ya Kiingereza ya serikali. Kwa daktari msiende na mtoto kama mkalimani: huduma ya taifa ya ukalimani, namba 131 450, ina watu wa Kiswahili.

Hatua ya 4: Nyumba

Hapa nilipoteza wiki saba za maisha yangu, kwa hiyo nivumilie.

Kwetu ukiwa na kodi ya miezi sita mkononi, nyumba umepata. Dalali anakutembeza, mnapatana, unalipa, unamtoa dalali na mwezi wake mmoja, jioni unashusha godoro. Nilikuja na akili hiyo. Nikamwambia dada wa ofisi ya upangishaji kwamba niko tayari kulipa mwaka mzima taslimu, naye akanitazama kama niliyemtolea rushwa. Kwa nyumba ya kodi isiyozidi dola 900 kwa wiki, sheria ya Victoria haimruhusu mwenye nyumba kukudai zaidi ya kodi ya mwezi mmoja mbele, na dhamana, ambayo wenyeji wanaiita bondi, nayo haizidi kodi ya mwezi mmoja. Wakala hakudai chochote, analipwa na mwenye nyumba. Sasa kama hela hazikusaidii, unashindana kwa nini? Kwa karatasi. Wanataka kujua mambo mawili: kipato chako kinatosha, na yule uliyepanga kwake mara ya mwisho anakusemaje.

Kwanza hesabu. Kodi hutangazwa kwa wiki. Ukiona dola 480 usizidishe kwa nne ukafurahi, mwezi una zaidi ya wiki nne. Gawa kwa 7, zidisha kwa 365, gawa kwa 12: inakuja kama dola 2,086. Ukizidisha kwa nne unapata 1,920. Hiyo tofauti ya dola 166 kila mwezi ndiyo iliyonifanya nile tambi mwezi wangu wa kwanza. Mawakala wengi hupenda kodi isizidi theluthi ya kipato, kwa hiyo usipeleke maombi ya nyumba ya ndoto ukapoteza Jumamosi.

Pili, faili. Liandae kabla hujaenda kuangalia nyumba hata moja. Pasipoti, uthibitisho wa viza, mkataba wa kazi au hati za mshahara, salio la benki, barua za wadhamini, yaani watu wa kukusemea, na ukurasa mmoja wa kujieleza: mko wangapi, mnafanya kazi gani, mnataka kukaa muda gani. Kwenye karatasi ya benki una haki ya kuziba miamala ya kila siku. Wakala hana haja ya kujua unatuma ngapi nyumbani.

Tatu, na hapa ndipo pa wiki saba: mwenye nyumba wa nyumbani. Fomu inauliza ulikaa wapi, kwa kodi gani, na imeili ya mwenye nyumba. Niliandika Mbagala, nikaweka imeili niliyopewa na kijana wake, nikatuma maombi. Nikakataliwa. Nikatuma mengine. Maombi kumi na saba! Nilidhani ni jina langu, nikadhani ni rangi yangu, na labda kuna mahali ilikuwa hivyo. Mwisho wakala mmoja muungwana akaniambia: mdhamini wako hajajibu hata mara moja. Nikapiga simu.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Hujambo huko? Kangaruu hawaingii ndani?"

"Hatujambo, mzee. Hivi kuna watu wamekuandikia kuhusu mimi?"

"Wameandika sana! Barua za Kizungu, bonyeza hapa, bonyeza hapa. Nimezifuta zote. Nikasema hawa matapeli wamejuaje jina la mpangaji wangu?"

Sikumlaumu, hata mimi ningefuta. Basi fanya hivi kabla hujaondoka. Keti na mwenye nyumba, mwambie kuna barua itakuja ya Kiingereza na ataijibu nani. Mtafute mwanawe au mjukuu mwenye imeili anayoifungua kila siku. Andika barua wewe mwenyewe kwa Kiingereza, yeye asome au asomewe, asaini: jina, anwani ya nyumba, tarehe ya kuingia na kutoka, kodi kwa mwezi, kwamba hukuchelewesha na uliacha nyumba safi. Kama alikuwa anachukua hela mkononi bila risiti, chapisha miamala ya M-Pesa au ya benki inayoonyesha kodi ikitoka. Kama ulikaa nyumba ya familia, sema hivyo hivyo kwenye ukurasa wa kujieleza, usibuni mwenye nyumba. Wanapiga simu kweli.

Mdogo wangu alifanya haya yote, bado maombi sita ya kwanza yaligonga mwamba kwa sababu kazi alikuwa na wiki mbili tu. Kwa anayekuja bila kazi kabisa, ushauri wangu ni huu na siubadilishi: panga chumba kwanza kwenye nyumba ya mtu, miezi mitatu, lipa kwa benki kila wiki siku ileile, umwombe barua ukiondoka. Barua ya mtu wa Footscray, mtaa wa hapa Melbourne, mwenye namba ya simu ya hapa inasomwa upesi kuliko ya Mbagala, hata kama mzee wa Mbagala ana moyo kuliko huyo. Wapo wanaosema uanze na nyumba za kupangisha wageni kwa siku. Hizo zinakula akiba na hazikuachii barua yoyote.

Nne, kuangalia. Nafasi ni dakika kumi na tano, mara nyingi Jumamosi, na utakuta foleni mpaka barabarani. Mimi natumia tovuti za realestate.com.au na Domain, zote mbili, nimeweka arifa. Fika mapema, vua viatu kama kuna zulia jipya, jitambulishe kwa wakala kwa jina. Ndani, funga mlango wa bafu unuse. Ukungu hapa ni adui, na rangi mpya kwenye kona moja tu ya dari ina siri yake. Angalia hita sebuleni: nyumba ya kupanga Victoria lazima iwe na hita iliyofungwa sebuleni. Kama unaitaka, tuma maombi kwa simu ukiwa bado umesimama nje. Ukisubiri ufike nyumbani umwulize mkeo, imeenda.

Usitume hela kwa nyumba ambayo hukuingia ndani, hata ukiletewa picha na kitambulisho. Huyo "mwenye nyumba aliye safarini" yupo Dar na yupo Melbourne.

Mtaa: watu wetu wengi wako magharibi, Footscray, Sunshine, Tarneit, Werribee. Tarneit nyumba ni kubwa kwa hela ileile, ila treni yake ni ya V/Line, treni za mikoani, itokayo mji wa Geelong, haiji kila baada ya dakika chache kama za mjini. Ukiingia kazini alfajiri, pima njia kabla ya kupima jiko.

Hatua ya 5: Siku ya funguo

Bondi inapelekwa kwenye mamlaka ya serikali, RTBA, nawe utapata ujumbe wao. Usipoupata, uliza.

Utapewa ripoti ya hali ya nyumba, na una siku tano za kazi baada ya kuhamia kuijaza na kuirudisha. Shemeji alitaka apike kwanza. Nikasema hapana, toa simu. Piga kila chumba, ndani ya oveni, nyuma ya kila mlango. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na alama ya pasi kwenye zulia nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, ncha imechongoka kabisa, unaona hata matundu ya mvuke. Miaka miwili baadaye nikihama niliambiwa nilipie zulia. Nikatuma picha yenye tarehe ya siku niliyoingia, mjadala ukaisha saa hiyohiyo.

Nyumba inakuja bila friji wala mashine ya kufulia. Usinunue vipya. Facebook Marketplace, na maduka ya mitumba ya Salvos na Vinnies. Mitumba tunaijua sisi.

Hatua ya 6: Gari

Leseni ya nyumbani unaitumia miezi sita, kisha lazima ufanye mitihani ya VicRoads, watoa leseni wa hapa; ya Tanzania na Kenya haibadilishwi hivihivi. Tunaendesha kushoto kama kwetu, shida iko katikati ya jiji: kwenye njia panda zenye alama, kukunja kulia unaanzia upande wa kushoto kabisa, unasubiri taa ya barabara nyingine iwake ndipo ukate. Ni kwa ajili ya tramu. Mara ya kwanza nenda Jumapili asubuhi.

Hatua ya 7: Chakula na simu

Polenta, unga wa mahindi wa supamaketi, haitoi ugali, usijaribu. Unga mweupe uko kwenye maduka ya Waafrika ya Footscray na Sunshine. Mchicha, mihogo ya barafu na nazi iliyokunwa, nenda kwa Wavietnamu. Wana dagaa pia, wana chumvi, loweka.

Saa: tuko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa saba, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba mpaka ya kwanza ya Aprili ni saa nane. Mama nimemweleza mara nyingi. Bado ananipigia kwake ikiwa saa mbili usiku, taarifa ya habari ndiyo inaanza, kwangu saa tisa za usiku. Siku hizi simu inalala sebuleni.