Kabla hujanunua feni ya prosesa, shika rula

Nahariri video za harusi na sendofu hapa Majengo, Moshi. Mwezi wa pili, joto likikolea chini ya bati, chumba changu hakikaliki mchana. Mwaka juzi ndipo kompyuta ilipoanza kusuasua: video ya urefu wa saa tatu niliyozoea kuirenda (kuitoa iwe faili iliyokamilika) nikiwa nakula, ikawa inanikesha. Nilipoangalia joto la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa programu ya HWiNFO, limegota nyuzi 90. Ni Ryzen 7 5800X ya AMD, na 90 ndiyo mwisho wake. Ikifika hapo inajipunguzia kasi isiungue. Prosesa hiyo haiuzwi na feni, nami nilikuwa nimeifunga kifeni kifupi cha mashine ya zamani.

Kwa hiyo jambo la kwanza, jua prosesa yako inakula wati ngapi ikibanwa na kazi. Usiishie kwenye namba ya kwenye boksi. Yangu imeandikwa 105, lakini inafika 142. Core i5-12400 ya Intel imeandikwa 65, ikikazana inafika 117. Chagua feni kwa ile namba kubwa.

Pili ni soketi, pale prosesa inapokaa kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Upande wa AMD, feni nyingi za soketi ya AM4, kama yangu, zinakaa pia kwenye AM5, mradi zinatumia bamba la nyuma lililokuja na mazabodi. Upande wa Intel uwe macho: soketi ya LGA1700, iliyotoka 2021, matundu yake ya skrubu yameachana milimita 78, ya LGA1200 iliyoitangulia ni 75. Usiseme utalazimisha; muulize muuzaji kama vishikizi vya LGA1700 vimo ndani ya boksi. Na kama yako ni desktop ya mtumba iliyotoka maofisini, ifungue kwanza. Nyingi zina matundu na plagi za feni zisizoingiliana na za madukani.

Sasa kimo, na hapa naomba unisikilize vizuri. Nilipanda basi hadi Arusha, nikanunua mnara mzuri (feni ndefu iliyosimama pamoja na chuma chake cha kupozea) wa milimita 155. Kufika nyumbani, mfuniko wa kasha haufungi. Kasha langu lina nafasi ya milimita 150 tu. Kwa milimita tano nilifanya kazi wiki mbili kasha likiwa wazi, na vumbi letu mnalijua, hadi nikabadilishana na mwenzangu kwa mnara wa 148 wenye mirija minne ya shaba na feni ya milimita 120. Pima kuanzia uso wa juu wa prosesa hadi ukingo ambapo mfuniko unakaa. Pima na RAM zako pia, zile kadi za kumbukumbu zilizosimama kando ya prosesa. Zile ndefu zenye mabawa hugongana na feni.

Feni za maji zinapendeza, ila mimi sikushauri. Pampu ikifa unanunua yote upya. Mnara ukifa feni, unabadilisha feni peke yake na hitisinki, kile chuma cha kupozea, inabaki palepale.

Kwenye kufunga, hatari iko kwenye kung'oa ya zamani. Kwa AM4, washa kompyuta dakika kumi pesti (ule uji unaopitisha joto kati ya prosesa na hitisinki) ilainike, zima, chomoa umeme, kisha izungushe hitisinki taratibu kushoto na kulia ndipo uinyanyue. Ukiivuta kwa nguvu, prosesa inatoka imeng'ang'ania chini yake na pini zinapinda. Futa pesti kuukuu kwa spiriti, weka mpya kiasi cha punje ya njegere, toa nailoni iliyobandikwa chini ya hitisinki, halafu kaza skrubu kwa mkingamo, kidogokidogo. Waya wa feni uchomekwe palipoandikwa CPU_FAN.

Usifunge mfuniko bado. Renda kitu kizito nusu saa ukiangalia nyuzi. Yangu sasa inatulia kwenye sabini na kitu. Ikiruka hadi 90 ndani ya dakika moja, zima ufungue tena: ama nailoni umeisahau, ama kuna skrubu haijafika mwisho.