Jinsi ya kuchagua gemu za kufundishia kozi ya chuo

Mwalimu mwenzangu, ukipewa kozi ya michezo ya video, usianze kwa kuorodhesha gemu.

Hatua ya 1: Andika maswali. Mimi nina matatu. Kanuni za mchezo humfanya mchezaji atende nini? Mchezo husimuliaje kisa? Nani ameutengeneza, na kwa pesa za nani? Gemu isiyogusa hata swali moja naiacha, hata kama vijana wote wa mtaa wa Majengo wanaicheza.

Hatua ya 2: Tandika bao. Kompyuta zikiwa bado zimezimwa, weka bao la Kiswahili mezani: mashimo 32, kete 64. Katika namua, awamu ya kwanza, kila mchezaji ana kete 22 za akiba, anaziingiza moja moja. Zikimalizika, mnaingia mtaji, awamu ya pili, na mchezo unageuka sura. Wanafunzi waliokua wakiwatazama wazee wa Mji wa Kale wakicheza hulieleza hili vizuri kunishinda. Wakishaelewa, wape Tetris ya mwaka 1984, gemu ya kupanga maumbo yanayoanguka. Ina maumbo saba tu na haina kisa chochote, nao wataona kanuni chache zinavyotosha kumfunga mtu kitini.

Hatua ya 3: Chagua moja ya kuchimba kwa wiki tatu. Yangu ni Papers, Please ya Lucas Pope, iliyotoka mwaka 2013. Wewe ni afisa wa mpakani, unakagua hati, unalipwa kwa idadi ya watu uliowashughulikia, na nyumbani kuna familia inayohitaji chakula na joto. Anafika mume mwenye karatasi zote. Mkewe nyuma yake hana kibali. Ukimpitisha, unaandikiwa kosa. Hapa Pwani, ambapo wengi wameisota foleni ya kitambulisho, darasa hunyamaza. Kisha mjadala hauishi, kwa sababu kila mmoja amebonyeza muhuri kwa mkono wake. Kitu hicho filamu haikupi.

Hatua ya 4: Mpe asiyewahi kushika padi, yaani kidude cha mkononi cha kuchezea gemu. Hatua hii usiiruke. Muhula wangu wa kwanza nilileta gemu ya kupigana risasi. Waliozoea vibanda vya PlayStation wakazishika padi, wengine wakabaki nyuma kutazama, wengi wao wasichana. Niliwakosea. Siku hizi namwita mtu asiyecheza, namwachia nusu saa, nami sisemi neno. Asipofika mahali ninapotaka kufundisha, gemu haiingii, au naicheza mwenyewe kwenye projekta huku darasa likiniamuru pa kwenda.

Hatua ya 5: Kagua mashine. Ijaribu kwenye kompyuta dhaifu kuliko zote maabarani. Inayodai intaneti kila ukiifungua, achana nayo. Bando la mwanafunzi lina kazi nyingine.

Hatua ya 6: Weka ya Afrika. Naipenda Aurion ya mwaka 2016, kutoka studio ya Kiro'o Games ya Kameruni. Sehemu ya pesa zake ilichangishwa mtandaoni, kwa hiyo inalijibu swali la tatu moja kwa moja. Iweke katikati ya muhula. Ukiiweka wiki ya mwisho, watadhani ni ya nyongeza.

Gemu tano zinatosha. Na bao liache palepale darasani, stima hukatika.